Sura ya Tisa: Mawe ya Mlangoni

Kule Kverngrenda mtu akitaka kuchukiwa hana haja ya kuiba wala kumpiga mwenzake. Akose msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, mara mbili tu, basi. Mara ya kwanza watasema labda anaumwa. Mara ya pili hawasemi kitu, na hapo ndipo ajue habari yake imekwisha. Halldor Kvernmo alikuwa amekosa miaka kumi na mmoja mfululizo. Kwa hiyo, ardhi ilipoporomoka mwezi wa nne ikamzika Oddny Elvrum ndani ya nyumba yake, kijiji hakikuhangaika sana kutafuta wa kumlaumu. Kwamba Oddny alikuwa dada yake Halldor, wa tumbo moja, halikumsaidia hata kidogo.

Inspekta Borghild Aune alikaa na faili hilo wiki tisa. Ndani yake mlikuwa na maelezo ya watu ishirini na sita, na ishirini na tano kati yao walisema jambo moja, karibu kwa maneno yale yale. Vuli iliyopita Halldor alichimba msingi wa zizi jipya. Udongo wote, lori mia moja na ushee, akaumwaga juu ya mteremko nyuma ya nyumba ya dada yake. Uzito ukazidi, mteremko ukashindwa. Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema pale dukani, ila safari hii kamwingiza dada yake. Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Sigmund Elvrum, mume wa marehemu, shemeji yake Halldor. Ndiye aliyemkataza asibebe jeneza. Halldor alisimama nje ya ukuta wa kanisa, kofia mkononi, mpaka watu wakamaliza kuzika wakaenda kunywa kahawa.

Maelezo ya ishirini na sita yalikuwa ya Halldor mwenyewe, nusu ukurasa. Alikiri udongo ni wake. Alikiri hakuomba kibali. Mwishoni akaongeza kwamba katapila lake dogo halikutoka uani kwake vuli nzima. Borghild hakuwa amemuuliza habari za katapila. Alilikumbuka lakini, kwa sababu siku ya kwanza alilipita uani pale: la manjano, na mlango mmoja wa kijani uliong'olewa kwenye mashine nyingine. Pembeni ya sentensi hiyo alikuwa ameweka alama ya penseli, na alama hiyo ilikuwa haijafutwa bado.

Mwendesha mashtaka alitaka jibu Ijumaa. Halldor ashtakiwe kwa kusababisha kifo kwa uzembe, au aachwe. Akishtakiwa, hata asipofungwa siku nyingi, shamba limekwenda, na ng'ombe thelathini na nne, na jina la Kvernmo ambalo lilikuwa pale kabla ya kanisa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Mwanajiolojia Jostein Ryen alimpokea mjini Trondheim saa tano na nusu kamili, yaani saa ya kula, na hakuona sababu ya kuahirisha chakula kwa ajili ya polisi. Alifungua karatasi yake, akatoa vipande vinne vya mkate vyenye jibini ya kahawia, akampa kimoja Borghild bila kumuuliza. Alikuwa mzee mrefu, mwenye sweta lililochakaa viwiko, na alikuwa na kawaida ya kumwangalia mtu kama anayeangalia jiwe: bila ubaya, bila haraka.

Kwanza alimwonyesha udongo. Alikata donge la mfinyanzi uliotolewa Kverngrenda, akamwambia alibonyeze. Lilikuwa gumu kama sabuni ya kufulia. Kisha akalitia kwenye kikombe cha plastiki, akalikoroga kwa kijiko, bila kuongeza hata tone la maji. Haikufika nusu dakika. Alipokiinamisha kikombe, donge lile lilimiminika kama uji wa mgonjwa. Akatia chumvi, akakoroga tena, na udongo ukashikana upya mpaka kijiko kikasimama chenyewe.

Habari yake, alieleza huku akitafuna, ni ndefu lakini si ngumu. Zamani za kale barafu ilikuwa nene kilomita nzima na zaidi, ikaikandamiza nchi. Ilipoyeyuka, bahari ikaingia mpaka kwenye vilima, ikalaza mfinyanzi huu chini yake, na chumvi ya bahari ndiyo iliyoushikamanisha. Kisha nchi, ikiwa imetuliwa mzigo, ikaanza kuinuka polepole, na sakafu ya bahari ikawa mashamba ya shayiri. Tangu hapo mvua na chemchemi zimekuwa zikiiosha ile chumvi, tone kwa tone. Udongo unaendelea kusimama kwa mazoea tu. Ukiguswa vibaya, unakumbuka kwamba ulikuwa maji.

Borghild alisema hayo kila mtu bondeni anayajua tangu darasa la nne. Alichotaka yeye ni nani aliyeugusa.

Jostein alipangusa vidole, akawasha skrini. Ndege, alisema, ilipita juu ya bonde ikitupa miale ya leza chini, mamilioni kwa mamilioni. Mingi iligonga majani ikarudi. Michache ilipenya katikati ya matawi ikagonga ardhi, na kompyuta ikaitupa ile ya majani, ikabakiza ya ardhi peke yake.

"Hii ndiyo Kverngrenda bila nguo," alisema. "Hesabu mabakuli."

Borghild alikuwa ameendesha gari kwenye bonde lile wiki tisa na hakuwahi kuliona. Misitu haikuwepo, wala nyumba, wala uzio. Palikuwa na ngozi tupu ya kijivu, na ngozi hiyo ilijaa makovu. Kila kovu lilikuwa bakuli pana lenye mdomo mwembamba unaotazama kijito. Alihesabu thelathini na moja. Katika moja lilikaa kanisa. Katika jingine, shule. Kila bakuli, Jostein alisema, ni mahali ambapo ardhi iliporomoka zamani, kabla ya kanisa na kabla ya jina la mtu yeyote.

"Na hapa?" Borghild aliweka kidole. Katikati ya bonde palikuwa na kipande laini, kisicho na kovu hata moja, urefu wa kilomita moja hivi. Ndipo nyumba za Kverngrenda zilipo.

Jostein alifurahi, jambo ambalo kwake lilionekana kwenye nyusi tu. Alikuza picha mpaka kijito kikawa kipana kama barabara. Mwishoni mwa kile kipande laini, chini kabisa, palikuwa na fundo la mawe makubwa, yaliyokabana kuvuka kijito kutoka ukingo hadi ukingo. Mawe hayo yaliburutwa na barafu yakaachwa pale. Kijito kinashuka kutoka mlimani, kinafika kwenye mawe, kinashindwa kuyakata. Kwa kuwa hakikati pale, hakichimbi juu yake. Kwa kuwa hakichimbi, miguu ya mteremko haitolewi. Kwingine kote bondeni kijito kilichimba, na kwingine kote pakaporomoka.

"Mawe hayo yamekaa mlangoni miaka elfu saba," alisema Jostein. "Kijiji kimejengwa nyuma yake bila kujua kwa nini mahali hapo ni pazuri."

Ramani hiyo ilichukuliwa miaka sita iliyopita. Alikuwa nayo ya pili, iliyopigwa tarehe ishirini Novemba ya mwaka jana, wakati shirika la umeme lilipokagua miti iliyosogelea nyaya. Hakuna polisi aliyekuwa ameiomba. Kompyuta ilizitoa moja kutoka kwa nyingine: palipoongezeka pakawa buluu, palipopungua pakawa nyekundu.

Buluu ilijitokeza mara moja, doa kubwa juu ya mteremko. Huo ndio udongo wa Halldor, na ulikuwa mwingi kuliko alivyosema mwenyewe. Borghild akaandika vipimo vyake. Kwa muda kama wa dakika mbili ilionekana watu ishirini na tano walikuwa sawa, na kazi ya siku ile imekwisha.

Kisha Jostein akaweka juu yake mstari wa maporomoko ya Aprili. Mstari ulipita, ukapinda, ukakoma. Kati yake na doa la buluu palikuwa na mita ishirini na mbili za ardhi ambayo haikusogea hata kidole. Msituni, alisema, mita ishirini na mbili zinaonekana kama mbili, hasa kwa mtu mwenye hasira. Halafu akaonyesha vipande vya ardhi vilivyolala ndani ya maporomoko, mstari kwa mstari, vya juu vimelalia vya chini. Yalianza kijitoni yakapanda. Ukivuta gunia la chini kwenye rundo, lote linakufuata, na la juu kabisa ndilo la mwisho kujua.

"Utaapa hivyo mahakamani?"

"Mita nitaziapia. Watu siwajui."

"Basi nionyeshe nyekundu."

Nyekundu ilikuwa ndogo, ukanda wa mita arobaini kwa sita, mahali pale pale palipokuwa na fundo la mawe. Kina, mita moja na robo. Borghild aliuliza kama kijito chenyewe kingeweza. Jostein alisema kijito hakibebi jiwe la tani mbili. Na kikilibeba, hakiendi kulipanga. Akasogeza picha mita hamsini pembeni, kwenye uwanja kando ya njia ya skii, ile ya kuteleza juu ya theluji. Kwenye ramani ya zamani hapakuwa na kitu. Kwenye ramani mpya palikuwa na duara.

Barafu, alisema mzee yule akikunja karatasi yake ya mkate ili aitumie kesho, haichori duara.

Saa nane mchana Borghild alikuwa amesimama ndani ya duara lenyewe. Palikuwa ni mahali pa kuotea moto, pazuri kwelikweli: mawe kumi na mawili makubwa ya kukalia, ngazi za mawe kuelekea kijitoni, kibanda cha mbao chenye upande mmoja wazi kwa ajili ya wanaokuja na skii. Mahali hapo palinusurika. Maporomoko yalipita mbele yake na kuacha ukuta mbichi wa mfinyanzi, na chini kabisa mahali ilipokuwa nyumba ya Oddny hapakuwa na kitu cha kutazama.

Alifanya kazi kwa mpangilio. Aliwapigia kwanza shirika la umeme, kwa kuwa watu wenye malori makubwa ndio wa kwanza kushukiwa. Wakamjibu kabla ya saa moja kupita kwamba walikuja kwa ndege tu, na tarehe zao zilikubaliana. Kisha akapiga magoti akapima mawe. Nane kati ya kumi na mawili yalikuwa na mikwaruzo ya meno ya ndoo ya chuma, mikwaruzo minne minne, na nafasi kati ya jino na jino ilikuwa sentimita kumi na moja. Hiyo si mashine kubwa ya barabarani. Ni mashine ya shambani.

Kwenye mbao ya kibanda mtu alikuwa amechoma maandishi kwa chuma cha moto, kwa mkono mzuri usio na haraka: *Kazi ya msaragambo, 14 Oktoba.* Borghild alipiga picha. Njia ya kawaida ya mhalifu ni kuficha alichofanya. Hawa walikuwa wameweka tarehe.

Nyumba ya jumuiya ya Kverngrenda iko kando ya barabara, na mwenye ufunguo ni Gerd Moan, mjane wa miaka sabini na miwili ambaye huwezi kuingia kwake ukatoka bila kunywa kahawa. Alitoa pia wafeli, zile keki nyembamba za kuokwa kwenye chuma, na jamu, na akakaa akimtazama Borghild mpaka akala. Ndipo akakubali kuulizwa.

Ndiyo, msaragambo wa Oktoba aliukumbuka, angeusahau vipi? Watu thelathini na wanane, hawajawahi kufika wengi hivyo. Wazo lilikuwa la muda mrefu: mashine ya kusawazisha njia ya skii ilikuwa inakwama kila mwaka pale kijitoni kwenye yale mawe, basi wakaona wayatoe, njia ipite, na mawe yenyewe yapatiwe kazi. Siku moja tu, kazi imekwisha. Kidole kimoja hakivunji chawa, alisema Gerd. Jioni walichoma soseji, na hata kina Lian walioacha kusalimiana na kina Moan kwa sababu ya uzio walikaa jiwe moja.

"Nani aliamua mawe yatolewe?"

Gerd alimwangalia kama aliyeulizwa nani aliamua majira ya baridi.

"Hakuna aliyeamua, mwanangu. Ulikuwa msaragambo."

"Aliombwa kibali mtu yeyote? Halmashauri? Mamlaka ya mito?"

Kibali cha kuhamisha mawe? Gerd alicheka. Msaragambo haujawahi kuomba kibali tangu enzi za babu yake. Anayeomba vibali ni mtu anayefanya jambo kwa faida yake peke yake, kama wengine anaowajua yeye, ambao nao pia hawakuomba. Hakulitaja jina la Halldor. Aliongeza tu kwamba kuna mtu mmoja ambaye siku ile hakufika, kama kawaida yake, na anatumaini polisi wanajua ni nani.

Orodha ilikuwa bado ukutani. Pale orodha ya msaragambo haiondolewi mpaka msaragambo mwingine utakapoitishwa, na tangu Aprili hakuna aliyekuwa na moyo wa kuitisha. Juu yake palibandikwa picha moja kubwa, ya kujivunia. Watu wamejipanga kando ya kijito, matope mpaka magotini, wanacheka. Katikati yao katapila dogo la manjano limeinua jiwe. Mlango wake ni wa kijani.

Borghild aliitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama picha. Mbele ya katapila amesimama Sigmund Elvrum, mkono juu, anaelekeza: kushoto, kushoto kidogo, shusha. Dereva haonekani uso. Kinachoonekana ni kiwiko kilichotolewa dirishani na glavu ya kufuma yenye nyota nyeusi na nyeupe, ambayo bondeni kule wanayo watu wote.

Halldor alisema katapila halikutoka uani. Mtu mwenye hatia hudanganya ili aponyoke, na huo ni uongo wa kawaida, Borghild alikuwa ameusikia miaka ishirini. Lakini uongo huu ulimfungia Halldor mlango pekee wa kutokea. Angesema tu, mashine yangu iliazimwa na kijiji, wakachimba chini ya mteremko, nendeni mkapaangalie. Hakusema. Alipoulizwa udongo, alijibu udongo, na akapeleka macho ya wote juu ya kilima, mbali na kijito.

Akasoma orodha kutoka juu. Wafeli: Gerd. Kahawa: Arnfinn. Misumeno: kina Lian. Soseji: Sigmund. Mashine: Oddny.

"Alikuwa anaiweza?" aliuliza.

"Oddny? Kazaliwa shambani yule. Alikuwa anaendesha kuliko wanaume wote hapa, akijua jiwe liko wapi kwa kulisikia tu." Gerd akaanza kukusanya vikombe. Kikombe kimoja kilikuwa bado kimejaa. Alikitazama, akatazama picha, kisha akamtazama Borghild, na kwa mara ya kwanza hakumwambia ale.

"Kwa nini unaulizia mawe?" alisema taratibu.

Borghild aliomba aichukue picha. Aliandika hati ya kupokea, Gerd akaitia sahihi, akarudi kwenye vikombe vyake.

Katapila lilikuwa uani kwa Halldor, limeegeshwa palepale. Borghild alipima meno ya ndoo kabla ya kubisha hodi. Sentimita kumi na moja. Mwenyewe alitoka zizini, mtu mpana wa miaka hamsini na kitu, viatu vya mpira, mikono inanuka maziwa. Alikuwa amepungua tangu Aprili. Alisema ana nusu saa kabla ya kukamua.

Borghild akamwekea picha juu ya mnyororo wa katapila.

Halldor hakuigusa. Aliinama akaitazama, na uso wake haukubadilika, ila pumzi ilimtoka ndefu, kama mtu aliyetua mzigo mahali asipotaka kuutua.

Alieleza bila kusukumwa. Ijumaa jioni, tarehe kumi na tatu, Oddny alikuja kula kwake kama Ijumaa zote. Akamtania: kama wewe hutaki kuja, basi angalau mashine yako ije, watu waone kuna Kvernmo mwenye adabu. Halldor akampa ufunguo. Sababu za yeye kutokwenda ni ng'ombe, na watu, na watu walizidi ng'ombe. Kuhusu mawe hakujua lolote. Baba yake alikuwa akifunga farasi pale, na hakuwahi kusema kwamba yana kazi nyingine.

Wiki ya pili baada ya mazishi ndipo alipoteremka peke yake mpaka kijitoni. Maji yalikuwa yamekata chini sana, yanapita kasi mahali yalipokuwa yanatambaa. Alisimama pale alipozoea kusimama akiwa mtoto, na mawe hayakuwepo. Alielewa hapo hapo. Hakuhitaji ndege.

"Ukaja ukaniambia katapila halikutoka uani."

"Ndiyo."

"Shamba lako linaondoka, Halldor. Ijumaa."

Alisema analijua hilo. Kisha akasema jambo ambalo Borghild aliliandika neno kwa neno, kwa kuwa ndilo jibu la alama yake ya penseli.

"Sigmund ana kitu kimoja tu kinachomtoa kitandani asubuhi, nacho ni kunichukia mimi. Ukimwondolea hicho, atabaki na nini? Atabaki na huo mkono wake kwenye picha, anamwonyesha mkewe pa kuchimba."

Ng'ombe mmoja alilia zizini. Halldor aligeuza kichwa kusikiliza, kwa mazoea, akarudi.

"Uso hauonekani," alisema. "Andika ni mimi niliyekuwa nikiendesha. Watu watakubali. Watakubali haraka."

Borghild hakuwa na shaka kwamba wangekubali. Kwa dakika moja alimwonea huruma waziwazi, na alijua huruma hiyo haina pa kuandikwa. Akamwambia jina liko kwenye orodha, orodha iko ukutani, na watu thelathini na saba wanajua nani alikuwa kwenye kiti. Hawakuwa wameficha kitu. Walikuwa hawajaunganisha tu, na kufikia jioni Gerd Moan atakuwa ameunganisha. Ripoti itasema ilivyokuwa: mawe yalitolewa na watu thelathini na wanane bila mmoja wao kuamua, na udongo wa Halldor haukuhusika. Nani ashtakiwe, au kama kuna wa kushtakiwa, ni kazi ya mwendesha mashtaka.

"Umeshamwambia Sigmund?"

"Nakwenda sasa."

Halldor alitazama zizi, akatazama saa. Ng'ombe thelathini na nne, maziwa yamejaa. Alikuwa hajachelewa kukamua tangu alipozikwa baba yake.

"Ningoje nivue viatu vya zizini," alisema.

Utaratibu haukatazi ndugu wa marehemu kwenda kwa ndugu mwingine. Wala hausemi polisi ampe picha ya ushahidi mkononi. Borghild alimpa nakala aliyoipiga kwa printa ya gari, na ya asili akaibakiza kwenye bahasha.

Halmashauri ilikuwa imempa Sigmund nyumba ya muda kando ya barabara kuu, yenye ngazi tatu za zege na jina la mpangaji aliyepita bado mlangoni. Borghild aliegesha mita kumi, akashusha kioo. Halldor alipanda ngazi kwa soksi na viatu vya kanisani. Mlango ulipofunguka, Sigmund aliona ni nani aliyesimama, na mkono wake ukarudi moja kwa moja kuufunga. Halldor hakuweka mguu kuuzuia. Alinyoosha tu karatasi.

Alichosema mwanzoni hakikusikika garini. Alizungumza chini, kichwa kimeinama, kwa muda wa dakika nne hivi. Sigmund alikuwa ameshika picha kwa mikono miwili. Mara moja aliinua mkono wa kulia, taratibu, mpaka usawa wa bega, kama kwenye picha, akautazama. Kisha akakaa kwenye ngazi pale pale, mtu mzima, miguu wazi, bila koti. Halldor akakaa naye, si karibu sana.

Gari la maziwa lilipita barabarani, kelele ikaja ikaondoka. Baada yake palikuwa kimya, na sauti ya Sigmund ikasikika vizuri.

"Ulijua tangu lini?"

"Wiki ya pili."

"Kaburini watu walikuwa wanakutemea mate. Na wewe ulikaa kimya tu?"

"Siku ya kaburi sikujua bado. Baadaye ndio nilijua."

"Na hata baadaye ukaniacha nikuchukie." Aliilaza picha juu ya goti. "Sikukuruhusu umbebe dada yako."

Halldor alikuwa anatazama viatu vyake. Alijibu kama mtu anayeeleza kwa nini ameacha lango wazi.

"Ulikuwa unahitaji mtu, shemeji. Mimi nilikuwepo."

Borghild akapandisha kioo. Aliandika saa kwenye daftari, kumi na moja na dakika kumi, kisha akampigia jirani wa Halldor, mmoja wa wale ishirini na tano, akamwambia ng'ombe wa Kvernmo hawajakamuliwa na mwenyewe atachelewa kurudi.